JE, NI KWELI DAWA YA MINYOO INATIBU KANSA?

  

Kwa kawaida ukurasa huu wa walimu wa kujitolea huzungumzia mahudhurio ya watoto, mitihani na usafi wa madarasa. Mwezi huu tumeona tuyaweke hayo pembeni kidogo, kwa sababu kuna swali linatufuata kila mahali: bombani, sokoni, kwenye foleni ya mgao, hata darasani. Watu wanatuambia, "Walimu, ninyi mmesoma kidogo, tuambieni ukweli. Eti dawa ya minyoo inamaliza kansa?"

Wengi wameipata habari hiyo kwa simu, katika sauti za WhatsApp zinazotumwa na ndugu waliopelekwa Marekani, Kanada au Ulaya. Sauti inasema kwamba madaktari wanaficha dawa ya kansa, kwamba dawa yenyewe ni ile ile ya minyoo tunayoijua, na kwamba yupo mtu aliyepona kabisa. Sisi siyo madaktari. Lakini tumekaa chini, tukasoma, tukauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunaomba muyasome mpaka mwisho, maana ndani yake kuna ukweli kidogo, na pia kuna hatari kubwa.

KANSA NI NINI?

Kansa, au saratani kama inavyoandikwa vitabuni, siyo ugonjwa mmoja. Ni jina la magonjwa mengi yanayofanana tabia. Mwili wetu umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila siku seli za zamani zinakufa na mpya zinazaliwa kwa utaratibu. Kansa inaanza pale seli fulani zinapoasi utaratibu huo. Zinagawanyika bila kusimama, zinafanya uvimbe, halafu zinaweza kuhamia sehemu nyingine: ini, mapafu, mifupa, ubongo.

Kwa hiyo kansa ya titi siyo sawa na kansa ya damu, na kansa ya shingo ya kizazi siyo sawa na ya utumbo. Kila moja ina matibabu yake. Hapo tayari tunaona kwamba mtu anayesema kidonge kimoja kinatibu kansa zote anatakiwa kuulizwa maswali.

DAWA YA ZAMANI, KAZI MPYA

Sasa tuseme kweli: wanasayansi wenyewe ndio walioanza kuchunguza dawa za minyoo na vimelea vingine kwa ajili ya kansa. Siyo uzushi mtupu. Kutengeneza dawa mpya kunachukua miaka mingi na pesa nyingi sana. Dawa ya zamani ina faida: bei yake ni ndogo, na madhara yake yanajulikana, maana imeshatumiwa na watu wengi. Hivyo wataalamu wanajiuliza, je, dawa hii haiwezi kufanya na kazi nyingine?

Wazee wetu wengine wanakumbuka kidonge cha Ketrax walichopewa zamani kwa minyoo. Dawa iliyomo ndani yake inaitwa levamisoli, na iligunduliwa Ubelgiji miaka ya 1960. Baadaye watafiti waliona kwamba inaonekana kuamsha askari wa mwili. Wakaijaribu kwa wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa. Mwaka 1990 matokeo yalitangazwa Marekani: waliopewa levamisoli pamoja na dawa nyingine ya kansa walikufa wachache zaidi, pungufu kwa karibu theluthi moja, kuliko wale waliopasuliwa tu. Mwaka huo huo serikali ya Marekani iliikubali kama sehemu ya tiba ya kansa hiyo.

Kumbe basi dawa ya minyoo ilishawahi kuwa tiba rasmi ya kansa! Lakini hadithi haikuishia hapo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kazi kubwa ilikuwa ikifanywa na ile dawa ya pili, na kwamba ukiichanganya na dawa ya jamii ya vitamini iitwayo leukovorini unapata matokeo mazuri bila levamisoli kabisa. Tena levamisoli iligundulika kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu mpaka mgonjwa anashindwa kupigana na maambukizi madogo tu. Mwaka 2000 iliondolewa katika soko la Marekani.

Hadithi hii inatufundisha kwamba hakuna aliyeificha dawa hiyo. Ilijaribiwa mchana kweupe, ikakubaliwa, ikapimwa tena, ikaachwa ilipoonekana kuna nzuri zaidi. Ndivyo elimu inavyokwenda.

PANYA WALIOKATAA KUOTA UVIMBE

Habari ya pili inatoka katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mji wa Baltimore, Marekani. Huko watafiti walikuwa wanapandikiza kansa ya ubongo kwa panya ili wajifunze kuitibu. Kuna kundi la panya ambalo uvimbe haukuota. Watafiti wakashangaa. Walipofuatilia wakakuta kwamba panya hao walikuwa wamepewa dawa ya minyoo ya mifugo, fenbendazoli, kwa sababu walikuwa na minyoo. Ndipo wakachukua ndugu yake ambayo inatumiwa na binadamu, mebendazoli, ile tunayoijua kwa jina la Vermox. Mwaka 2011 walitangaza kwamba panya wenye kansa ya ubongo waliopewa mebendazoli waliishi muda mrefu zaidi.

Inafanyaje kazi? Tuchukue mfano wa mgao wetu. Seli ikitaka kugawanyika kuwa mbili, lazima urithi wote ulio ndani ugawanywe sawasawa, huku fungu na huku fungu, kama vile unga na mafuta yanavyogawiwa familia mbili. Ndani ya seli kuna nyuzi ndogo zinazovuta kila fungu upande wake. Mebendazoli inazuia nyuzi hizo zisijengeke. Bila nyuzi mgao hauendi, na seli inakufa. Kwa mnyoo, nyuzi hizo zinahitajika pia ili uweze kula sukari, hivyo mnyoo unakufa njaa.

Njia hii siyo ngeni. Ipo dawa ya kansa iitwayo vinkristini, iliyotokana na ua dogo la Madagaska, ambayo inavuruga nyuzi hizo hizo. Hiyo inatumika hospitalini miaka mingi sasa, hasa kwa watoto wenye kansa ya damu na kansa ya figo.

Basi mbona wasitupe mebendazoli? Kwanza, panya siyo mtu. Dawa nyingi zimeponya panya zikashindwa kwa binadamu. Pili, mebendazoli imetengenezwa ibaki tumboni penye minyoo. Sehemu ndogo tu inaingia kwenye damu. Ili iufikie uvimbe, ilibidi wagonjwa wa majaribio wapewe kiasi kikubwa mno, mara nyingi sana kuliko kidonge tunachopewa sisi. Jaribio la kwanza la chuo hicho kwa wagonjwa 24 wa kansa ya ubongo lilitangazwa mwaka 2021. Wagonjwa hao walikuwa wanapata pia tiba ya kawaida, na walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara. Baadhi ya waliopewa kiasi cha juu zaidi, vipimo vilionyesha ini linaumia, ikabidi wapunguziwe au waachishwe. Jaribio lilikuwa la kuangalia usalama tu. Halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo halikuweza kusema kama dawa inaponya.

DAWA YA MALARIA NA DAWA YA USUBI

Kimelea cha malaria nacho kimeingia katika uchunguzi huu. Artesunati, ambayo ni ya jamii moja na dawa iliyomo katika mseto wetu wa malaria, ilijaribiwa London kwa wagonjwa wachache, kama 20 hivi, wenye kansa ya utumbo mpana waliokuwa wanangojea kupasuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: katika kundi lililopewa artesunati kansa ilirudi kwa mgonjwa mmoja, na katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa ilirudi kwa wagonjwa sita. Inatia moyo, lakini watu 20 ni wachache kama darasa lililotoroka shule siku ya mgao. Watafiti wenyewe walisema panahitajika jaribio kubwa zaidi.

Halafu kuna ivermektini, inayogawiwa kwa jina la Mectizan dhidi ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha watu karibu na mito yenye kasi, na pia dhidi ya matende. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani. Mjapani Satoshi Ōmura na mwenzake William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, pamoja na mama wa Kichina, Tu Youyou, aliyeleta dawa ya malaria. Tangu mwaka 1987 kampuni inayoitengeneza huitoa bure kwa ajili ya usubi. Katika chupa za maabara ivermektini imeua seli za kansa za aina nyingi. Lakini hata jiki inaua seli za kansa ndani ya chupa! Kazi ni kuua kansa bila kumuua mwenye kansa. Majaribio kwa watu bado ni machache na madogo, na hakuna hata moja lililoonyesha kwamba ivermektini inaponya kansa.

MTU ALIYEPONA

Sasa tuje kwenye yule mtu aliyepona. Yupo kweli. Ni Mmarekani, Joe Tippens, aliyekuwa na kansa mbaya ya mapafu. Alisema alitumia fenbendazoli ya mbwa, na kansa ikaisha. Lakini sauti nyingi za simu zinaruka sehemu moja: wakati ule ule alikuwa ndani ya jaribio la hospitali la dawa mpya ya kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumabu. Dawa hiyo inajulikana kwamba huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa mapafu. Mtu akinywa dawa mbili akapona, utajuaje ni ipi iliyomponya?

Mwaka 2019 habari yake ilifika Korea Kusini kwa video. Watu wakakimbilia maduka ya dawa za mifugo mpaka dawa ikaadimika. Serikali ikawaonya, lakini watu hawakusikia. Mchekeshaji mmoja maarufu wa huko, Kim Chul-min, mwenye kansa ya mapafu, naye akaanza kuinywa, na taifa zima likawa linamfuatilia. Mwanzoni alisema anaona nafuu. Mwaka 2020 akaeleza wazi kwamba ameacha, dawa haikumsaidia, kansa imeendelea kuenea. Alifariki Desemba 2021. Sauti za simu zinamtaja Mmarekani. Huyu Mkorea hazimtaji. Aliyepona anasimulia mwaka baada ya mwaka, aliyekufa hawezi kutuma sauti.

HATARI ZILIZOPO

Mtu anaweza kusema, "Hata kama haitibu, itadhuru nini? Si dawa ya minyoo tu, hata watoto wanameza." Ndugu msomaji, tofauti ni kiasi. Kidonge kimoja kila miezi sita ni salama. Vidonge kila siku kwa miezi ni jambo lingine.

Ini linaweza kuumia. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 2021 habari za bibi wa miaka 80 mwenye kansa ya mapafu aliyejinunulia fenbendazoli. Ini lake liliharibika, likapata nafuu alipoacha. Uvimbe haukupungua. Albendazoli nayo ikitumika muda mrefu inaweza kushusha damu. Mama mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hatakiwi kunywa mebendazoli wala albendazoli. Na kwa ndugu zetu waliotoka katika misitu ya Afrika ya Kati, ipo minyoo iitwayo loa loa, ambayo wakati mwingine huonekana ikipita kwenye jicho. Mwenye minyoo hiyo kwa wingi katika damu akinywa ivermektini anaweza kuzimia na ubongo wake ukaumia. Ndiyo maana dawa hiyo inagawiwa kwa mpango, siyo kwa kununua kichochoroni.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kupoteza muda. Katika mtaa mmoja wa kambi tulifika nyumba ambayo mama mwenye nyumba ana uvimbe kwenye titi. Watoto wake, kwa upendo, walikuwa wameuza mafuta na maharagwe ya mgao ili wanunue vidonge vya minyoo vya mwezi mzima. Karatasi yake ya rufaa ilikuwa imekunjwa chini ya godoro, ina wiki nyingi. Tukamuuliza, "Mama, hii karatasi vipi?" Akajibu, "Wanangu, huko hospitali watanikata titi. Na nikienda, nani atapika? Hiki kidonge nakunywa hapa hapa nyumbani." Hatukuwa na neno la kumlaumu. Tulikaa naye, mkubwa wa familia akaitwa, shangazi akakubali kukaa na watoto. Mama akaenda. Matibabu yake yanaendelea, na sisi hatuwezi kuahidi mwisho wake. Ila tunajua uvimbe wa titi ukiwa mdogo una tiba, na kila mwezi unaopita unapunguza nafasi hiyo.

Tunajua pia kwamba rufaa inachelewa, kwamba safari ni ndefu, na kwamba mtu anaweza kurudishwa na kuambiwa asubiri. Hatuwezi kusema ni rahisi. Ndiyo sababu kuu ya kutopoteza hata wiki moja ambayo iko mikononi mwetu sisi wenyewe.

PALE AMBAPO DAWA YA VIMELEA INAZUIA KANSA KWELI

Jamani, kuna jambo ambalo sauti za simu hazisemi, nalo ni la kweli. Baadhi ya vimelea vyenyewe vinaleta kansa. Kichocho cha mkojo kinataga mayai katika ukuta wa kibofu. Mayai hayo yakikaa miaka mingi yanaweza kuleta kansa ya kibofu. Wataalamu wa dunia wa utafiti wa kansa wamekiandika katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika. Dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo hiyo kabla haijafanya uharibifu. Kichocho cha tumbo, ambacho ni cha kawaida katika maziwa yetu makubwa, nacho huharibu ini. Kwa hiyo mtoto akipewa dawa ya kichocho shuleni, asiiteme nyuma ya darasa! Tumewaona.

Vile vile malaria. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa sehemu zenye malaria nyingi. Baadaye ilijulikana kwamba kirusi fulani, kikisaidiwa na malaria ya mara kwa mara, ndicho kinachouleta. Habari njema ni kwamba ugonjwa huo ukiwahiwa unatibika kwa dawa za hospitali, na watoto wengi wamepona. Hivyo chandarua kinafanya kazi kubwa kuliko kuzuia homa peke yake. Tusikitumie kuzungushia bustani.

FAMILIA IFANYE NINI?

Nenda zahanati mapema ukiona mojawapo ya haya: uvimbe kwenye titi, shingo au popote usioondoka, damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, damu kwenye mkojo au choo, kidonda kisichopona, kikohozi cha wiki nyingi, kupungua mwili bila sababu, uvimbe wa taya au tumbo kwa mtoto, kitu cheupe kinachong'aa ndani ya jicho la mtoto. Siyo kila dalili ni kansa, mara nyingi siyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Mabinti wapewe chanjo ya shingo ya kizazi inapotolewa. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na kansa hiyo ndiyo inayowapata akina mama wengi zaidi kuliko zote.

Ukisikia habari ya dawa ya ajabu, uliza maswali manne: Ilijaribiwa kwa watu au kwa panya? Watu wangapi? Walilinganishwa na kundi lingine? Na yule aliyepona, alikuwa anatumia tiba gani nyingine?

Kama mgonjwa wenu ameshaanza kunywa dawa hizo, msimgombeze wala msimfiche. Mwambieni daktari au nesi ukweli wote, na vidonge mchukue mwonyeshe. Na kama madaktari wamesema kansa imeshakwenda mbali, hapo bado kuna kazi: dawa ya maumivu, kuosha kidonda, uji, maombi, na kuwa na mtu wa kukaa naye. Kumtunza mgonjwa asiumie ni matibabu pia.

Kwa ndugu zetu walio ng'ambo wanaotutumia sauti, tunajua mnatuma kwa mapenzi. Pesa mnayotaka mtu anunulie vidonge, itumeni kama nauli na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa hospitalini. Hiyo itamsaidia zaidi.

Huenda siku moja mebendazoli au artesunati itapita majaribio makubwa, na itagawiwa kwa bei ndogo hata kwa watu kama sisi. Tungefurahi sana. Siku hiyo itatangazwa zahanati, nasi tutaiandika hapa kwa herufi kubwa. Mpaka wakati huo, dawa ya minyoo ni ya minyoo.

Mwezi ujao tutarudi na habari za maandalizi ya mitihani ya watoto wetu. Mwenye swali alete shuleni, alipe mtoto wake kwenye karatasi. 

Walimu wa kujitolea